Daraja la bondeni limechakaa: jee, mabomba mawili yatatosha?

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya shehia yetu, Wilaya ya Wete, Pemba. Barabara inayotutoa kijijini inavuka bonde la mpunga kwa daraja dogo la miaka ya 1970. Lina kuta za mawe na slabu ya zege, njia yake ina upana wa mita 3.2, na uwazi wa chini ni mita 5 kwa kimo cha mita 1.4. Bamvua, yale maji makubwa ya bahari ya mwezi mpya na mwezi mpevu, likijaa, maji ya chumvi yanafika hadi chini yake. Nondo zimetoka nje, na masika iliyopita maji yalikula udongo nyuma ya ukuta mmoja. Fundi anashauri tubomoe, tulaze mabomba mawili ya zege ya milimita 900 na tufukie. Wengine wanasema tupige plasta tu. Bonde linalotuletea maji lina kama kilomita za mraba 3. Tufanye lipi?

Jibu: Ndugu yangu, msifanye lolote kati ya hayo mawili. Plasta haizuii kutu iliyokwisha kuingia ndani ya zege, na mabomba mawili ya milimita 900 yatalirusha bonde zima juu ya barabara yenu katika masika ya kwanza. Kwa maelezo uliyotoa, kinachofaa ni kalavati la boksi, yaani mfereji wa zege wa pembe nne unaopitisha maji chini ya barabara, lenye vyumba viwili, kila kimoja mita 2 kwa 2, lililolazwa kwenye kima kilekile cha mto wa sasa. Hesabu zake mnaweza kuzipitia wenyewe kabla hamjakaa na mhandisi.

Tuanze na tundu, maana madaraja madogo mengi huondoka kwa sababu ya tundu dogo kabla hata ya uzito wa magari. Bomba la milimita 900 lina uwazi wa mita za mraba 0.64, mawili ni 1.27. Daraja lenu, pamoja na uzee wake wote, lina uwazi wa mita 5 kwa 1.4, yaani mita za mraba 7. Mkimfuata fundi mtakuwa mmebakisha chini ya moja ya tano ya njia ya maji, na bonde ni lilelile. Sasa maji yenyewe. Wahandisi wa barabara hutumia kanuni hii kwa mabonde madogo: 0.278 mara sehemu ya mvua inayotiririka, mara kasi ya mvua kwa milimita kwa saa, mara eneo kwa kilomita za mraba. Kwa bonde lenye mikarafuu, minazi na mpunga nimechukua sehemu ya 0.35, na mvua kali ya milimita 60 kwa saa. Inakuja karibu mita za ujazo 17.5 kwa sekunde. Maji yakipita kwa mwendo wa mita 2.5 kwa sekunde, yanahitaji uwazi wa mita za mraba 7. Boksi mbili za mita 2 kwa 2 zinatoa 8. Mabomba yale mawili kwa mwendo huohuo yanapitisha mita za ujazo 3.2 tu. Mhandisi atairudia hesabu kwa takwimu za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na anaweza kuipandisha au kuishusha, lakini hakuna takwimu ya Pemba itakayoishusha hadi 3.2.

Na hapo bado hatujahesabu takataka. Mto wa bondeni kwetu hauleti maji matupu. Unaleta makuti, vipande vya migomba, magugu ya mpunga na matawi. Kuti moja likikaa mlalo kwenye mdomo wa bomba, magugu yanalishika, na ndani ya saa moja mdomo umeziba nusu. Maji yanapanda upande wa juu na kutafuta pa kupita. Hupenya kwenye maungio ya mabomba na pembeni mwao, yakivuta kifusi punje kwa punje, mpaka ndani kunakuwa na pango ambalo aliyesimama barabarani halioni. Gari linalofuata ndilo linalolifunua. Ndiyo maana chumba cha mita 2 ni bora kuliko vyumba vingi vidogo vyenye jumla hiyohiyo ya uwazi: gogo la mgomba linapita, na mtu anaweza kuingia akasimama wima akasafisha.

Kuhusu plasta. Nondo zinaposhika kutu pale penye chumvi, kutu hiyo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, na msukumo wake ndio unaopasua zege kutoka ndani. Ukibandua kipande na kupaka saruji mpya, chumvi imebaki kwenye zege kuukuu pembezoni mwa kiraka, na kutu huhamia hapo kwa kasi zaidi kuliko mwanzo. Kiraka kinabaki kizuri, jirani yake anapasuka. Hata hivyo lipimeni daraja kabla ya kulihukumu, kwa sababu vipimo hivyo ndivyo vitakavyoipa barua yenu nguvu. Nendeni bamvua likipwa. Gongeni slabu kwa nyundo kutoka chini, upande mmoja hadi mwingine. Panapolia kama debe tupu zege limeachana na nondo. Sugueni kutu ya nondo moja iliyo wazi kwa brashi ya waya, kisha pimeni unene kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene kwa milimita: nondo ya milimita 16 iliyobaki 12 imepoteza asilimia 44 ya nguvu yake, ingawa kwa macho inaonekana bado ni nondo. Tafuteni nyufa zinazokwenda mshazari karibu na slabu inapokalia ukuta; hizo ni mbaya kuliko nyufa za katikati. Halafu chukueni chuma cha mita 2, mkichomeke chini ya msingi wa kuta. Kikiingia zaidi ya sentimita 30 bila kugonga jiwe, mto umeshauchimba msingi, na hakuna ukarabati wa juu utakaolisaidia daraja hilo.

Jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko yote, ni chumvi kwenye mpunga. Daraja kuukuu lililojaa tope hufanya kazi ya kizingiti: linazuia sehemu ya maji ya bahari yasipande bondeni. Pemba tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua hufika kama mita 4, kwa hiyo ukichimba sakafu ya kalavati nusu mita chini ya kitanda cha mto wa sasa, bahari itaingia mbali zaidi na kwa siku nyingi zaidi za mwezi. Wakulima watapoteza majaruba ya mwanzo mwaka huohuo wa kwanza, na watakuwa na haki ya kulalamika. Kwa hiyo pimeni kima cha kitanda cha mto kwa levo, kifaa cha kupimia usawa, kabla ya kubomoa, mkiwekee alama kwenye kitu kisichohama, na sakafu mpya ikae kwenye kima hicho, isiende chini yake. Ikiwa chumvi tayari inaingia, kalavati linaweza kufungwa milango ya bawaba upande wa bahari: maji ya mto yanaisukuma ikafunguka, bahari ikijaa inajifunga. Ni kitu kizuri kwa sharti moja, kwamba pawe na mtu aliyepewa kazi ya kuitoa takataka kila wiki. Mlango ulioshikwa wazi na kijiti hauzuii chumvi, na ulioshikwa umefungwa unaleta mafuriko. Kama hamna uhakika wa mtu huyo, bora kizingiti cha zege cha kimo mtakachokubaliana na wakulima, na uwazi wa boksi uhesabiwe kuanzia juu ya kizingiti.

Mtauliza kwa nini boksi na si daraja jengine la slabu lenye kuta mbili. Ni kwa sababu ya tope. Boksi la mita 2 kwa 2, vyumba viwili, kuta na slabu za milimita 300, lenye urefu wa mita 7 kufuata upana wa barabara, lina uzito wa karibu tani 80, lakini linakaa juu ya sakafu nzima ya mita za mraba 34. Ukiongeza tipa la tani 26, kila mita ya mraba ya ardhi inabeba tani 3 hivi na kidogo kwa kifusi. Kuta mbili za daraja zinakusanya mzigo kwenye misingi myembamba, na tope la mikoko haliwezi kuustahimili bila nguzo za kuchimbia chini. Pamoja na hayo chimbeni mashimo mawili ya mita 2, moja kila upande wa mto, na mwombe ardhi ipimwe kwa DCP, ile nyundo ya kilo 8 inayodondoshwa kusukuma ncha ya chuma. Tope laini litolewe, pajazwe mawe magumu kwa unene wa sentimita 50 juu ya kitambaa cha kuchujia, kisha zege jembamba la milimita 75 kuwa sakafu ya kazi.

Upana huo wa mita 7 una sababu yake: mita 5.5 za magari, na mita moja ya waendao kwa miguu iliyonyanyuliwa kwa ukingo wa zege, upande ambao watoto wa skuli wanatembea. Kinachobaki ni cha kuta za pembeni na nguzo za ulinzi. Njia ya juu itapanda kama sentimita 60 kuliko ya sasa, kwa hiyo barabara ipandishwe taratibu kwa mita 20 kila upande.

Kwa vifaa, kadirieni hivi mkisubiri michoro. Boksi lenyewe linakula mita za ujazo 33 za zege. Kuta nne za mabawa, zile zinazotanuka kwenye midomo ya boksi kushikilia kifusi, sakafu za kuingilia na kutokea maji, na meno ya zege yanayoshuka mita moja ardhini kwenye ncha zake yanaongeza kama 17. Jumla ni 50. Kwa mifuko 8 ya saruji kwa mita ya ujazo, pamoja na zege la chini na upotevu, agizeni mifuko 440. Mchanga mita za ujazo 25, kokoto za milimita 20 mita za ujazo 46, na nondo tani 5.5 hadi 6; nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.7, ya milimita 16 kilo 19, kwa hiyo mnaweza kuhesabu idadi inaposhushwa. Meno yale ya zege msikubali yapunguzwe kwa sababu za fedha. Maji yanapotoka kwenye boksi yana mwendo mkubwa kuliko ya mto, huchimba shimo mwisho wa sakafu, na bila jino shimo hilo hurudi nyuma chini ya boksi.

Zege la mahali penye chumvi halichanganywi kama la msingi wa nyumba. Kipimo cha 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto, hapa hakifai. Tumieni karibu 1:1.5:3, kwa kisanduku cha kupimia chenye ndani sentimita 30 kwa 30 kwa kimo cha 39, ambacho ni sawa na mfuko mmoja. Maji ndiyo siri: lita 22 kwa mfuko, na humo yamo yaliyomo kwenye mchanga. Mchanga wa mfuko mmoja ni kama kilo 88. Ukinyeshewa ukawa na unyevu wa asilimia 5, umeshaleta lita 4 na zaidi kabla hujagusa ndoo. Fundi akiona zege zito huongeza ndoo, nalo linakuwa rahisi kumwaga na jepesi kupitisha chumvi. Dawa ni vibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishikane, na dawa ya kulainisha zege, wala si maji. Mchanga wa pwani usitumike hata kama uko hatua chache, na maji ya kuchanganyia na kumwagilia yawe ya bomba au kisima cha maji baridi. Kokoto za mawe laini ya matumbawe zikataeni. Ukiweza kulikwaruza jiwe kwa msumari na likaacha unga, halifai. Nondo zikae ndani kwa milimita 60 kila upande, zikishikiliwa na biskuti za zege la nguvu hiyohiyo. Kipande cha mbao au jiwe chini ya nondo ni njia iliyofunguliwa kwa kutu.

Siku ya kumwaga inataka hesabu yake. Sakafu ni mita za ujazo 10.3, na inapaswa kumwagwa kwa siku moja bila kukatika. Mashine ya mfuko mmoja inatoa kama moja ya nane ya mita ya ujazo, kwa hiyo ni mizunguko 82. Kwa dakika 5 kila mzunguko ni saa 7 bila mtu kupumua. Wekeni mashine mbili, vibreta viwili, na mafuta ya ziada. Pamoja na sakafu, mwageni kimo cha sentimita 10 cha mwanzo wa kuta, ili mbao za kuta zipate pa kushika na ungio lisiwe kwenye kona ambapo maji hukaa. Siku ya pili yake ungio likwaruzwe mpaka kokoto zionekane. Chagueni maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, kwa kazi ya sakafu, na ukingo wa viroba vya mchanga na pampu ya inchi 3 vikae hadi zege lipate siku 7 bila kuguswa na bahari. Mbao za chini ya slabu zisitolewe kabla ya siku 14, na umwagiliaji uendelee siku hizo zote 14 kwa magunia yaliyolowa. Kila umwagaji utoe vijiwe 6 vya kupimia nguvu, vitatu vivunjwe siku ya 7 na vitatu siku ya 28.

Wakati wa kujenga hauna ubishi sana: anzeni masika ikimalizika, mwezi wa Juni, boksi liwe limefukiwa kabla ya vuli ya Oktoba. Tatizo ni kwamba msimu wa karafuu nao unaanza Julai, na mizigo haiwezi kungoja. Hapa ndipo mabomba ya fundi yanapopata kazi. Yalazeni mita 15 hivi upande wa juu wa daraja, mkijenga njia ya mchepuko ya mawe na kifusi, ya chini kiasi kwamba mvua ya ghafla ipite juu yake bila kuivunja. Kwa kiangazi mita za ujazo 3.2 zinatosha. Kazi ikiisha mabomba yang'olewe, yahamishiwe kwenye mitaro ya pembeni au vichochoro vya mashambani. Kabla ya jembe la kwanza, bomba la maji na nguzo ya umeme viondolewe njiani na ZAWA, mamlaka ya maji, na ZECO, shirika la umeme, na kama kuna mkoko wa kukatwa, hata mmoja, kibali cha Idara ya Misitu na maoni ya ZEMA, mamlaka ya mazingira, vipatikane kwanza.

Kufukia ndiko kunakoharibiwa zaidi, kwa sababu kila mtu amechoka na daraja linaonekana limekwisha. Kifusi kiwe cha changarawe, si udongo mweusi wa bondeni. Kiingizwe kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe kwa mashine ndogo, pande zote mbili zipande pamoja. Upande mmoja ukitangulia kwa zaidi ya sentimita 30 unalisukuma boksi. Mabawa yawe na matundu ya milimita 75 ya kutoa maji, nyuma yake kokoto. Mwisho wa mabawa wekeni gabioni, yaani vikapu vya waya uliovikwa plastiki, zijazwe mawe magumu ya sentimita 10 hadi 25. Na kwa kuwa barabara mpya imenyanyuka, chagueni sehemu ya mita 20 kando ya kalavati ibaki chini kwa sentimita 30 kuliko slabu, ipigwe mawe na zege. Mafuriko makubwa kuliko hesabu yatakuja siku moja. Yapitisheni hapo, msiyaachie yachague.

Kwa upande wa idhini, kamati haina mamlaka ya kubomoa daraja la barabara ya umma. Andikeni kupitia kwa sheha na ofisi ya wilaya kwenda kwa Wakala wa Barabara, mkiambatanisha picha za maji yakipwa, vipimo vya nyundo na kalipa, hesabu ya magari na watu kwa siku 7 mfululizo, idadi ya wanafunzi wanaovuka, urefu wa njia mbadala, na kima cha mafuriko makubwa kama wazee wanavyokionyesha kwenye minazi. Mkataba utakaposainiwa, ombeni kipindi cha matazamio cha miezi 12, ambacho mkandarasi hurekebisha kasoro zake mwenyewe, kianze mapema kiasi cha kuimeza masika nzima.

Lakini masika haingoji mkataba. Wiki hii pigeni nguzo mbili imara kila upande wa daraja, zikiachana mita 2.1, ili pikapu na gari la ng'ombe vipite na lori lisipite. Magunia ya karafuu yashushwe upande mmoja yavushwe kwa pikapu. Wekeni nguzo yenye alama za rangi kila sentimita 20 kuonyesha kima cha maji, na maji yakigusa slabu njia ifungwe kwa kila mtu, pamoja na watoto wa skuli. Ule udongo uliokuliwa nyuma ya ukuta ujazwe mawe, si kifusi, na ukaguliwe kila baada ya mvua kubwa. Ukiendelea kutitia baada ya kujazwa, ukuta wenyewe unaondoka, na hapo hata pikapu isipite.